Kabla hujalipia programu ya "kila kitu kimo"

Muulize Fundi: maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mtumishi, naishi Ilazo hapa Dodoma. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10, tuliinunua ya mtumba miaka minne iliyopita. Watoto wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine darasa la sita, wanaitumia kujisomea. Mama yao anatunza humo mahesabu ya duka lake la vitenge pamoja na picha zote za familia. Siku hizi imekuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inazunguka. Halafu kila baada ya dakika chache pembeni ya kioo kinatokea kibao kinachosema kompyuta ina virusi vitano, bonyeza hapa. Kijana wa duka moja mjini ameniambia dawa ni programu moja inayofanya kila kitu: inaua virusi, inasafisha, inaongeza kasi, inalinda hadi akaunti ya benki. Bei yake shilingi 85,000 kwa mwaka. Je, ninunue? Na kama si hiyo, ninunue ipi?
*Baba wa watoto wawili, Ilazo*

JIBU: Marahaba, baba. Nashukuru umenieleza yote, maana wengi huandika "kompyuta yangu nzito, nifanyeje" wakaishia hapo. Hiyo 85,000 usiitoe kwanza. Sisemi kwamba programu hizo zote ni za uongo. Ila wewe una matatizo matatu yasiyofanana, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na hicho kibao cha virusi vitano, kwa sababu ndicho kinachowatia hofu. Karibu kila wiki kuna mtu ananiletea kompyuta mezani kwa ajili yake, na mara nyingi sana nikichunguza nakuta si kirusi. Kuna siku mtoto alikuwa anatafuta mitihani iliyopita au filamu, tovuti ikamuuliza kama anairuhusu imtumie taarifa, naye akakubali ili imwondokee mbele. Tangu siku hiyo tovuti ile ina ruhusa ya kugonga mlango wenu kila Chrome, programu mnayofungulia tovuti, inapowashwa, na inachowaletea ni tangazo lililovalishwa sare ya askari. Fungua mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya faragha, kisha mipangilio ya tovuti, kisha "Notifications". Utaikuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Zisizojulikana ziondoe zote. Ni kazi ya dakika mbili. Waambie na watoto kwamba kibao hicho hakibonyezwi, kwa sababu anayekibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa wa kuuziwa programu ya kusafisha virusi ambavyo hana.

La pili ni uzito. Hapa kwetu Dodoma, kabla ya kumtuhumu kirusi, mtuhumu vumbi. Mwezi uliopita mama mmoja wa Nzuguni, ambaye barabara ya mtaani kwao bado ni ya udongo, aliniletea kompyuta ya mezani yenye dalili hizihizi zako. Nikafungua ubavu wake. Juu ya kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana likawa kama kipande cha blanketi. Nilipolinyanyua kwa kibanio lilitoka zima, la mviringo, lina umbo la feni kabisa. Chini yake mapezi ya alumini yalikuwa yanang'aa kama mapya, kwa kuwa hewa ilikuwa imeacha kupita hapo siku nyingi. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, ndivyo zilivyoundwa. Programu ya kuongeza kasi ingefanya nini hapo? Nilisafisha, nikapaka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, na mama akaondoka na kompyuta isiyolia kama mashine ya kusaga.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nje, barazani. Chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu, tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na ukipuliza kwa blowa zuia feni kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji hakiingii humo. Lile boksi la umeme nyuma usilifungue. Kwa vumbi letu, mara mbili kwa mwaka ni kiasi kizuri.

Ukishasafisha, washa kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikikaa kwenye asilimia 100 dakika nyingi wakati hakuna unachokifanya, basi umempata mshtakiwa wa pili. Kompyuta nyingi za mtumba za umri huo zina diski ngumu ya kuzunguka, na Windows 10 juu ya diski hiyo huchoka. Hiyo 85,000 ningeifanya mwanzo wa akiba ya kununulia SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona kitu kingine kinachomfanya mteja aniulize "umenibadilishia kompyuta?" kama SSD. Kwenye dirisha hilohilo kuna sehemu ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Zima zile msizozihitaji asubuhi.

Sasa ulinzi wenyewe. Wazo la kumuuza mlinzi, mfagizi na mtunza nakala ndani ya boksi moja ni la zamani. Mwaka 2006 Microsoft wenyewe walianza kuuza huduma waliyoiita Windows Live OneCare: dola 49.95 kwa mwaka kwa kompyuta tatu, na ndani yake antivirusi, ukuta wa moto (firewall, mlinzi wa mlango wa mtandao), usafishaji wa diski na utunzaji wa nakala. Mwaka uliofuata ikaja Norton 360 kwa mtindo huohuo. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza ufundi, nikihangaika na Windows XP za wateja. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia nunua, tena leo hii. Lakini OneCare iliacha kuuzwa katikati ya mwaka 2009, na Septemba ya mwaka huohuo Microsoft wakaanza kugawa antivirusi ya bure, Security Essentials. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, antivirusi ikawa imejengwa humohumo ndani. Huyo ndiye leo tunamwita Microsoft Defender, na kwenye kompyuta yako yumo tayari, labda kama kuna fundi aliyemzima.

Kwa hiyo ukilifungua boksi la 85,000 ukalinganisha na ulichonacho, utakuta vingi umeshavilipia uliponunua Windows. Antivirusi unayo. Ukuta wa moto unao. Wa kufuta mafaili ya muda yupo, anaitwa Storage Sense. Kupanga diski Windows hufanya yenyewe kila wiki. VPN wanayoitia humo ni ya kuficha njia unayopita mtandaoni, haizuii virusi. Ile sehemu ya kutafuta madereva mapya, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa, naishauri iachwe kabisa; madereva huja kupitia masasisho ya Windows au kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta.

Niseme kidogo juu ya "kusafisha rejista", maana ndiyo sehemu inayowavutia watu zaidi. Rejista ni daftari kubwa ambamo Windows na programu huandika mipangilio yake. Msafishaji atakuonyesha makosa mia kadhaa kwa rangi nyekundu, na moyo utakuruka. Mengi ya hayo ni mistari ya programu mliyoiondoa zamani, haimsumbui mtu. Lakini akifuta mstari mmoja wenye kazi, kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Microsoft wameshasema wazi kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu hizo. Na kumbuka, anayesafisha umempa funguo za vyumba vyote. Mwaka 2017, CCleaner, programu ya kusafisha ambayo sisi mafundi tulikuwa tunamwekea kila mteja, nami nikiwemo, iliingiliwa kwenye mitambo ya watengenezaji wake. Toleo la 5.33 likatoka kwenye tovuti halali likiwa na sumu ndani, na kompyuta zaidi ya milioni mbili zikalipokea. Nilitumia Jumamosi nzima kuwapigia wateja simu.

Hata mlinzi wa bure naye mchunguze. Mwezi Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwataka Avast walipe dola milioni 16.5, kwa kuwa antivirusi yao ilikusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji, na historia hiyo ikauzwa kupitia kampuni yao tanzu iliyoitwa Jumpshot.

Je, kuna anayestahili kununua? Wapo. Mwenye vifaa vingi vya aina tofauti nyumbani, Windows, Mac na simu, anayetaka kuvisimamia mahali pamoja. Mwenye ofisi ndogo yenye wafanyakazi wanaofungua barua pepe za watu wasiowajua. Ukifika huko, usiulize dukani ipi ni nzuri. Tazama vipimo vya AV-TEST, maabara iliyoko Magdeburg, Ujerumani, au AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama sita kwa ulinzi, sita kwa wepesi na sita kwa kutosumbua. Utamkuta na Defender humo, akisimama bega kwa bega na wa kulipia. Chukua ya majaribio kwanza, ukae nayo wiki tatu kwenye kompyuta yako hiyohiyo. Kama RAM yako, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ya GB 4 tu, utaiona tofauti ya uzito. Tena uliza bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa chambo, na kadi ya benki ikishaandikishwa hukatwa yenyewe.

Kuna jambo kwenye barua yako ambalo hukuliuliza: Windows 10. Masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wametoa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa masasisho, ama kwa dola 30, ama bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako itunzwe kwao. Jiandikishe wiki hii. Hakuna antivirusi, ya bei yoyote, inayoziba nyufa za Windows yenyewe. Kuhamia Windows 11 kunategemea umri wa mashine. Ukiwa na prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, kwa kawaida haitakubali kwa njia halali.

La tatu ni picha za familia, na hapa nakuomba unisikilize kama mama. Bibi yangu alikuwa msimulizi. Mwaka 2013 nilikaa naye siku nne kijijini, nikamrekodi hadithi na nyimbo za Kigogo, saa sita na zaidi. Nikaziweka kwenye kompyuta yangu ya kazini, iliyokuwa na programu ya kulipia ya kila kitu kimo, yenye alama ya tiki ya kijani kona ya chini. Mwaka uliofuata umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo mara tatu jioni moja, na diski ikaanza kugonga: tak, tak, tak. Sauti hiyo mafundi tunaijua. Jioni ile kabla umeme haujakatika tiki ilikuwa bado ya kijani. Bibi alikuwa ameshafariki miezi miwili kabla. Diski ile ninayo mpaka leo kwenye droo.

Kwa hiyo, baba, kama kuna fedha ya kutumia mwezi huu, nunua eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka. Kila Jumapili mama watoto aichomeke, anakili folda ya mahesabu na ya picha, aichomoe, aifungie kabatini. Isiachwe imechomekwa, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili hufunga na yaliyo kwenye eksteno. Picha zile chache ambazo mkizikosa mtalia, zipandisheni pia kwenye Google Drive. GB 15 ni za bure.

SWALI: Habari Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimepanga Ng'ong'ona. Nilipeleka flashi stationari kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Niliporudi na kuichomeka kwenye laptopu, folda zote zimegeuka shotikati za KB 1, na nikizibonyeza hazifunguki. Rafiki yangu anasema niongeze antivirusi ya pili juu ya Defender. Ripoti nawasilisha Ijumaa.
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu*

JIBU: Salama mwanangu. Ripoti yako ipo. Kirusi hiki hakifuti kitu. Kinazificha folda za kweli na kuweka shotikati, yaani vibao vya njia ya mkato, zenye majina yaleyale ili ukizibonyeza kiingie kwako. Na wewe umeshabonyeza, kwa hiyo tuisafishe kwanza laptopu. Fungua Windows Security, nenda kwenye aina za ukaguzi, chagua ule wa "Offline". Laptopu itajizima, itajikagua kama robo saa kabla Windows haijaamka, kisha itawaka.

Ndipo urudi kwenye flashi. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua dirisha jeusi la cmd, andika hivi hasa, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri mpaka kialama cha kuandikia kirudi kupepesa. Folda zako zitajitokeza. Nakili ripoti kwenye laptopu, futa shotikati zote, kisha ifomati flashi, yaani uifute yote ianze upya.

Antivirusi ya pili usiiweke. Mbili zikiwa kazini pamoja kila moja humwona mwenzake kama mwizi, na laptopu ndiyo inayoumia. Ndiyo maana ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hukaa pembeni yenyewe.

Kuanzia sasa, stationari peleka kwa barua pepe, tena kwa PDF. Wenye maduka wengi ni waungwana, ila mashine moja hupokea flashi hamsini kwa siku, na haiwezi kubaki safi. Kama lazima iwe flashi, tenga moja ndogo isiyo na kitu kingine ndani.

SWALI: Mama Fundi, nakuandikia nikiwa na majonzi. Ni mpiga picha za harusi hapa Mpwapwa. Mdogo wangu alipakua bure programu ya kuhariri video inayouzwa ghali. Maelekezo yalisema azime antivirusi kwanza, akazima. Asubuhi picha zote zimeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa majina, hazifunguki. Kila folda ina faili _readme.txt inayodai dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nilipe 490. Zimo harusi nne za wateja ambazo sijakabidhi. Kuna programu gani ninunue izifungue?
*Dada mpiga picha, Mpwapwa*

JIBU: Pole sana mwanangu. Usilipe, na usinunue chochote kinachodai kufungua. Wapo wanaoishi kwa kuwauzia watu walio kwenye hali yako. Barua hiyo ya dola 980 na 490 naifahamu, ni ya kirusi wanachokiita STOP au Djvu, na njia yake kubwa ni hizohizo programu zilizochakachuliwa. Anayekuambia uzime mlinzi ndipo akuletee mzigo, jua kilichomo kwenye mzigo.

Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza, kata intaneti kwenye mashine hiyo. Pili, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha pasiwedi za barua pepe, Facebook na Instagram ya kazi, kwa sababu kirusi hiki huwa kinafuatana na mwenzake anayeiba pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome.

Tatu, na hili ndilo tumaini lako kubwa: kadi za kamera. Umezifomati na kuziweka tena kazini? Kama bado, shukuru Mungu. Kama umezifomati lakini hujapiga nyingi juu yake, acha kuzitumia sasa hivi, hata kama una kazi Jumamosi, azima nyingine. Kisha kwenye kompyuta safi tumia PhotoRec, programu ya bure, ichote kilichobaki. Kadi ikifomatiwa ndani ya kamera, kwa kawaida picha huwa bado ziko chini mpaka zifunikwe na mpya. Majina yatapotea na utazipanga upya mojamoja, lakini bibi harusi atapata picha zake.

Nne, fungua _readme.txt, chini kabisa kuna kitambulisho kirefu. Kikiishia na t1, mafaili yalifungwa kwa ufunguo usio wa mtandaoni, na kuna uwezekano ufunguo huo ukapatikana. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019. Kipate kwenye tovuti yao au kupitia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama. Kikiishia na kitu kingine, kwa sasa hayafunguki, sitakudanganya. Hata hivyo yanakili kwenye eksteno uyatunze, maana funguo huwa zinapatikana baadaye. Video ndefu zina nafuu yake: kirusi hiki hufunga KB 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video ya GB mbili huweza kukarabatiwa ukiwa na nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera hiyohiyo.

Ukimaliza hayo yote, ndipo diski ifutwe na ipigwe Windows upya. Ripoti polisi pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakuhusu wewe uliyetendewa. Wapigie wateja wanne leo, kabla hawajakupigia. Mdogo wako usimfukuze.

Baadaye, kwenye Windows Security kuna sehemu ya kujikinga na virusi vya aina hiyo, inaitwa "Controlled folder access". Ikiwashwa, programu isiyofahamika haigusi folda za picha. Mwanzoni itakusumbua kwa kuzuia hata programu zako halali, na utaziruhusu mojamoja. Vumilia.

SWALI: Shikamoo. Mimi mstaafu, niko Kondoa. Laptopu naiunganisha na simu kwa hotspoti. Nikiiwasha tu bando linakwisha kabla sijasoma hata gazeti. Kijana wa hapa anataka kunizimia masasisho yote moja kwa moja. Nimruhusu?
*Mzee wa Kondoa*

JIBU: Shikamoo baba, mimi ndiye nikuamkie. Usimruhusu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilishika kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na sasisho la kuziba tundu kilimopita lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa hawajaliweka.

Badala yake, fungua mipangilio, ingia kwenye mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa nao, washa palipoandikwa "Metered connection". Windows itajua kwamba mtandao huo ni wa bando, na itaacha kupakua mizigo mikubwa bila wewe kujua. Kwa kuwa huenda ikaacha na kumlisha Defender, mara mbili kwa wiki fungua Windows Security mwenyewe, nenda kwenye virusi na vitisho, kisha masasisho ya ulinzi, ubonyeze kitufe cha kukagua. Hayo ni madogo ukilinganisha na ya mwezi.

Mzigo mkubwa hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa zetu ni usiku. Kwa hiyo Jumatano au Alhamisi inayofuata, beba laptopu na chaja yake uende kwa mwanao au kwa jirani mwenye Wi-Fi isiyo ya bando, unywe chai huko. Bonyeza "Check for updates", iache kwenye umeme, na usifunge kifuniko mpaka ijizime na kuwaka yenyewe na kukuonyesha pale unapoandika pasiwedi yako.